Seva ya Proxmox inakataa hifadhi ya NFS ilhali ping inajibiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni kwetu tuna seva ya Proxmox VE inayoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) za maktaba, uhasibu na maabara ya kompyuta. Diski zake zinakaribia kujaa, kwa hiyo tumenunua kifaa cha kuhifadhi data kwa njia ya mtandao na kukiunganisha kwenye kadi ya pili ya mtandao ya seva. Ping inajibiwa vizuri, na Proxmox inaniorodheshea folda iliyoshirikishwa, lakini nilipojaribu kuiongeza kama hifadhi ya NFS (utaratibu wa kushirikisha folda kwa njia ya mtandao) niliambiwa kifaa kimekataa. Nilipofungua ruhusa kwa anwani zote, kosa likabadilika: sasa naambiwa folda ya images haiwezi kutengenezwa kwa kukosa ruhusa, ingawa nimeingia kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Tatizo ni nini?
Msimamizi wa kompyuta, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, una makosa mawili yaliyofuatana, na ni vyema kuyatenganisha. Ping inathibitisha tu kwamba vifaa viwili vinafikiana. Haisemi lolote kuhusu NFS. Hata orodha ya folda uliyoiona haithibitishi ruhusa, kwa kuwa kifaa kwa kawaida humwonyesha orodha hiyo hata mteja ambaye kitamkataa baadaye.

Kosa la kwanza, kwa maelezo yako, limetokana na anwani. Inaelekea uliandika kwenye kifaa anwani ile unayoitumia kufungulia ukurasa wa usimamizi wa Proxmox, ambayo ni ya kadi ya kwanza, ilhali data inatoka kwa kadi ya pili yenye anwani yake. Kwenye seva andika amri ip route get ikifuatwa na anwani ya kifaa. Namba inayofuata neno src katika jibu ndiyo anwani ambayo kifaa kinaiona. Iandike hiyo katika orodha ya wanaoruhusiwa, kisha ondoa mara moja ruhusa uliyowapa wote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu NFS, katika mpangilio wake wa kawaida, huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mteja bila kudai nenosiri, hivyo kompyuta yoyote ya maabara inayokifikia kifaa ingeweza kusoma diski za uhasibu.

Kosa la pili ni kinga iitwayo root_squash. Kinga hii humgeuza root wa mbali kuwa mtumiaji asiye na mamlaka, na ndiyo sababu kuingia kama root hakukukusaidia: Proxmox huunganisha hifadhi chini ya /mnt/pve, kisha hujaribu kutengeneza folda zake kwa jina la root, na kifaa kinamkatalia. Weka no_root_squash kwa anwani ile moja tu ya seva. Kama kifaa chako kinaendeshwa kwa Linux ya kawaida, mpangilio huo umo katika /etc/exports, na baada ya kuuhariri utaendesha exportfs -ra. Vifaa vyenye ukurasa wa usimamizi huuweka kwenye sehemu ya ruhusa za NFS.

Msomaji anayekutana na ujumbe tofauti, unaosema hifadhi haiko hewani, aangalie faiwoli kwanza. NFS toleo la 3 linahitaji poti 2049, poti 111 na poti ya huduma ya mountd, na kufungua 2049 peke yake hakutoshi. Ikiwa hifadhi inaongezwa vizuri lakini inaganda mara faili kubwa zinapoanza kuandikwa, apime kwa ping -M do -s 8972 ikifuatwa na anwani ya kifaa, amri inayotuma pakiti kubwa bila kuzigawa. Ikishindwa ilhali ping ya kawaida inapita, kuna mahali ambapo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) ya 9000 haikuwekwa, na ni heri kurudi 1500 kote.

Usikubali ushauri wa kuweka soft katika mipangilio ya NFS ili seva isigande kifaa kinapozimika. Kwa diski za mashine pepe chaguo hilo ni la hatari, kwa maana muda wa kusubiri ukipita programu hurudishiwa kosa, na data iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Acha hard, ambayo ni ya kawaida: mashine pepe zitasubiri hadi kifaa kirudi. Kwa hiyo umeme wa akiba, yaani UPS, unapaswa kuhudumia kifaa na swichi pia, si seva pekee, na wakati wa kuzima kwa makusudi mashine pepe zitangulie na kifaa kiwe cha mwisho.

Ukishasahihisha ruhusa, endesha pvesm status. Hifadhi mpya ikionyesha active, anza kwa kuhamishia mashine pepe ya maktaba. Ya uhasibu ibaki kwenye diski za ndani hadi uwe umetengeneza nakala yake ya akiba na kujaribu kuirejesha.