Kabla hujanunua konveya, angalia korosho inadondokea wapi

Nilipoanza kazi ya ufundi mitambo katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho Mtwara, nilimshauri mwenye kiwanda anunue konveya, yaani mtambo wa kusafirisha mzigo ndani ya kiwanda. Nilichagua ya parafujo, lile bomba la chuma lenye skruu ndefu inayozunguka ndani na kusukuma mzigo. Bei yake ilikuwa nafuu, haikula nafasi, haikutoa vumbi, na kwa tani kwa saa ilizidi mahitaji yetu. Tukaifunga kati ya tanuri la kukaushia na sehemu ya kumenya ngozi. Siku ya tatu mama mmoja wa meza ya kuchambua akaniita, akanifungulia kiganja kilichojaa vipande. "Fundi mwanangu, mashine yako inatafuna korosho."

Alisema kweli. Korosho karanga, yaani kiini kilichokwisha kubanguliwa, ikitoka kwenye tanuri imekauka mno, maana tunaikausha makusudi ili ngozi iachie. Wakati huo inavunjika kama biskuti. Ndani ya parafujo ikawa inabanwa kati ya ukingo wa skruu na ukuta wa bomba. Na kwenye biashara hii, kipande si sawa na nzima. Daraja la W320 ni korosho nyeupe nzima zisizozidi 320 katika ratili moja, karibu gramu 454. Ikipasuka imetoka kwenye daraja hilo, na bei inashuka nayo, hata kama ladha haijabadilika. Siku zile nilikuwa naona hela za watu zikimwagika kwenye chekeche, na ushauri ulikuwa wangu.

Tangu hapo swali la tani kwa saa naliuliza mwisho. Kwanza nauliza mzigo uko katika hali gani pale utakapopita. Ndani ya kiwanda kimoja korosho ni mizigo mitatu tofauti. Korosho ghafi ina ganda gumu, haidhuriki kirahisi. Eleveta ya ndoo, yaani mnyororo wa ndoo unaopandisha mzigo juu, inaipandisha hadi kwenye hopa, lile pipa la kulishia mashine, vizuri tu, ila chekecha mchanga na mawe kwanza, la sivyo vitakula chuma. Maganda yaliyobanguliwa yana mafuta makali yanayounguza ngozi ya mtu, na mkanda wa mpira wa kawaida ukikaa nayo huvimba na kulegea. Huko ndiko tulikoihamishia ile parafujo, na kazi inafanya vizuri, kwa sababu ganda hata likisagika halina hasara. Mzigo wa tatu ndio korosho karanga, na huo unataka mkanda: wa kiwango cha chakula, mweupe, unaosafishika, unaokwenda polepole.

Basi tukafunga mkanda. Vipande vikapungua, lakini havikuisha. Nilikaa pale zamu nzima nikitazama, ndipo nikaelewa: juu ya mkanda korosho imelala tu, haigombani na kitu. Inaumia pale inapouacha. Sisi tulikuwa tunaidondosha kama sentimita 80 hadi kwenye sinia la chuma. Kutoka kimo hicho inafika chini na mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde. Ukikipunguza kiwe sentimita 20, mwendo unakuwa nusu, na nishati ya pigo inabaki robo. Tuliinua sinia, tukaweka mteremko mfupi uliotandikwa plastiki laini ya chakula, ili korosho iteleze badala ya kuanguka. Kazi ya siku moja, na gharama yake hailingani hata kidogo na bei ya mkanda. Kwa hiyo kila ukiletewa mchoro, hesabu midondoko na upime kila mmoja kwa futi ya kupimia. Konveya tatu fupi zina midondoko mingi kuliko moja ndefu.

Mkanda laini usiuinamishe sana. Ukipita nyuzi 15 hivi korosho huanza kubingirika kurudi nyuma, zikigongana. Kama lazima upandishe, tafuta mkanda wenye vizuizi, au eleveta ya mwendo wa taratibu ambayo ndoo zake za plastiki hupinduliwa juu, si ile ya kasi inayorusha mzigo. Konveya ya kutikisika ni nzuri kwenye meza ya kuchambua kwa kuwa inatandaza korosho. Ya kusukuma kwa upepo wa kasi sikushauri kwa korosho nzima. Kila kona ya bomba ni pigo.

Usinunue kabla ya jaribio. Mpelekee muuzaji korosho zako mwenyewe, nzima tupu, kilo chache zilizopimwa. Zipitishe kwenye mashine mara kumi, kisha upime vipande. Na uzichukue zikishapoa tu kutoka kwenye tanuri, uzifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Zikilala usiku mmoja wazi kwenye hewa ya pwani zitavuta unyevu na kulainika, na mashine mbaya itaonekana nzuri.