Muulize Fundi: Ferguson ya babu inazunguka lakini haishiki

SWALI: Shikamoo fundi. Babu alituachia trekta, Ferguson TEA20 ya petroli, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya Oldeani. Imekaa bandani misimu miwili bila kuwashwa. Nimemwaga petroli ya zamani nikaweka mpya, na betri pia ni mpya. Nikipeleka gia kwenye S, yaani alama ya stata, injini inazunguka vizuri, ila haishiki. Plagi nikizifungua nazikuta zimelowa petroli. Moto wa plagi, ile cheche, upo, lakini mwekundu na mwembamba. Fundi wa hapa anasema ringi za pistoni zimekwisha, tufanye ovaholi. Nifanyeje?
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiruhusu injini ifunguliwe. Plagi zilizolowa maana yake petroli inashuka toka tangini, inapita kwenye kabureta na kuingia kwenye silinda. Trekta hiyo haina hata pampu ya mafuta, petroli hushuka yenyewe, kwa hiyo upande huo umeshajijibu. Tatizo lako ni moto.

Hizo ringi nazo zipimwe, zisihukumiwe kwa umri. Ferguson za namna hiyo zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000, na nyingi bado zinalima. Toa plagi zote nne. Chomoa waya mnene wa koili (inayokuza umeme wa cheche) pale kwenye distribyuta (inayougawa kwa plagi), uubane kwenye chuma cha injini usije ukarusha cheche kwenye mvuke wa petroli. Ziba tundu la silinda ya kwanza kwa dole gumba, mwenzio apige stata. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, pumzi ipo, yaani hewa inabanwa na ringi bado zinafanya kazi. Rudia kwa zote nne. Ikiwa moja tu haisukumi, mara nyingi kwa trekta iliyolala ni valvu iliyoganda, na hiyo huonekana kwa kufungua kifuniko cha juu tu. Anayetaja ovaholi kabla ya kufanya hivyo hajapima kitu, na inaniuma kuona familia zinauza ng'ombe kwa ajili ya kazi isiyohitajika.

Sasa huo moto mwekundu. Moto mzima ni wa buluu, na unausikia ukilia. Cheche dhaifu inaweza kuruka ukiwa umeishika plagi nje, lakini ndani ya silinda hewa imebanwa, na kuruka kwenye hewa iliyobanwa kunataka umeme wenye nguvu zaidi. Ndiyo maana wewe unauona moto lakini injini haiupati.

Anza na pointi. Fungua vibanio viwili vya kifuniko cha distribyuta, toa rota (kile kipande kinachozunguka katikati), utaziona: vichwa viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga. Zikikaa muda mrefu hufanya ngozi nyembamba ya kutu ambayo hata macho makali hayaioni. Kunja msasa laini kabisa, upitishe katikati yake mara chache. Kisha pitisha karatasi ngumu iliyoloweshwa petroli kidogo, na nyingine kavu, mpaka itoke haina weusi. Wengi huishia kwenye msasa, na vumbi lake linazuia umeme vilevile. Zungusha injini mpaka pointi zifunguke mwisho, upime nafasi kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia: milimita 0.3 hivi. Plagi ziwe 0.7 hadi 0.8.

Rudisha plagi kwanza, ndipo ujaribu moto: shika waya wa koili kwa koleo lenye mpira, ncha yake iwe milimita 5 kutoka kwenye chuma, stata ipigwe. Ukiona buluu, umemaliza. Ukiona wekundu uleule, badilisha kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi, ni kitu cha bei ndogo, halafu ndiyo uitazame koili. Hukusema betri yako ni ya volti ngapi. Trekta hizi zilitoka nyingine na volti 6, nyingine na 12, na koili ya 6 ikipewa 12 huchemka mpaka iungue. Soma maandishi yaliyo kwenye koili kabla ya kununua nyingine.

Kama waya za plagi zilichomolewa, mpangilio ni 1-3-4-2 kwa kufuata mzunguko wa rota, na namba moja ndiyo iliyo karibu na rejeta.

Jambo la mwisho, nalo usiliruke. Kwa muda wote huo uliokuwa unajaribu kuiwasha, petroli imekuwa ikiteremka pembeni mwa pistoni kwenda kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama kinanuka petroli, au kiwango kimepanda kupita alama, mwaga oili yote na uweke mpya kabla injini haijashika.