"Kamera Tumeshapata": kwa mdogo wangu wa Mwanza na wengine wanaoandaa taarifa ya habari ya kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti anayesoma diploma ya uandishi wa habari Mwanza. "Shikamoo dada. Tumepewa kazi ya kuandaa taarifa ya habari ya dakika 15, tuko kumi, tuna wiki tatu. Kamera tumeshapata. Tuanze na nini?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, nikacheka peke yangu mpaka dereva wa bajaji akageuka kunitazama. Kilichonichekesha ni hilo la kamera. Na sisi mwaka 2017 tulianzia hapo hapo. Tulikuwa na kamera, tulikuwa na maiki mbili, tulikuwa na koti la bluu la kuazima. Habari ndiyo hatukuwa nayo.

Nitakusimulia yaliyotukuta, halafu nitakujibu.

Chuo chetu kilikuwa Dar es Salaam, sitakitaja. Tulipewa wiki mbili kutengeneza taarifa ya dakika 12. Kundi la watu tisa. Katika zile siku 14, siku nne nzima zilikwenda kwenye swali moja: nani atasoma? Usicheke, hata ninyi mtafika huko kama hamjafika. Kila mmoja wetu alikuwa amekua akijiona kwenye taarifa ya saa mbili usiku, shangazi zake wamekaa mkekani wanaambiana "huyo si wa kwetu?" Nawe unataka hivyo, mimi najua, usinifiche.

Ukafanyika usaili wa sauti. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Niliposimama mbele ya darasa nikafungua karatasi, kilichonitoka ni "Katika taalifa yetu ya habali jioni ya leo". Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwalimu aliyetusimamia naye alicheka, akajifuta macho, akasema: "Wewe kafanye utafiti." Alisema kama anavyotumwa mtoto akachote maji ili wakubwa waongee.

Siku hizi namwelewa kidogo. Wengi waliotufundisha walikulia redioni. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini huku Bara ilifika 1994, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Kwa watu wa umri wake habari ni sauti, na sauti nzuri ni ile isiyochanganya r na l. Kwa hiyo namwelewa. Kumsahau ndiyo bado.

Basi nikapewa utafiti, na hakuna aliyejua utafiti ni kitu gani, mimi mwenyewe nikiwemo. Wazo la habari kubwa lilitoka kwa mwenzetu mmoja: makonda wa daladala wanawakatalia wanafunzi kupanda. Wazo zuri. Kila mtu Dar alikuwa ameliona kwa macho yake. Tukachanga hela ya kukodi gari, tukaweka kamera kwenye buti, tukaenda stendi ya Makumbusho. Tulifika saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi, mdogo wangu. Wanafunzi wote wako darasani wanachapwa hesabu. Stendi imetulia kama ua wa msiba siku ya tatu. Makonda walipoiona kamera walifurahi, wakaanza kutupigia kelele "Tupige na sisi! Tupige!" Ripota wetu akasimama na maiki, akasema kwa uchungu mkubwa kwamba hapa ndipo wanafunzi wanapoteseka kila siku, na nyuma yake, ndani ya Coaster tupu, konda alikuwa amekaa dirishani anakula muhindi wa kuchoma. Ile picha ninayo mpaka leo. Nikiwa na huzuni huwa naifungua.

Kosa halikuwa la ripota wala la mpiga picha. Lilikuwa langu, kwa sababu mtafiti nilikuwa mimi, na utafiti wangu wote ulikuwa kukaa maktaba nikinakili magazeti ya zamani.

Kesho yake sikumwambia mtu. Niliamka saa kumi alfajiri, nikatembea kutoka Sinza mpaka Makumbusho bila kamera, na daftari la kaunta kwenye mfuko wa rambo. Saa kumi na moja na nusu stendi ilikuwa imejaa sare. Konda anasimama mlangoni, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine umeziba njia kama fito la getini, anapaza sauti: "Madenti wawili tu! Wawili tu nimesema!" Watu wazima wanapita chini ya kwapa lake. Watoto wanabaki. Nilianza kupiga mistari kwenye daftari, gari moja mstari mmoja. Ndani ya dakika 40 yaliondoka magari 17, na 11 kati yake hayakubeba mwanafunzi hata mmoja. Niliona viatu vyeusi vya shule vimepauka kwa vumbi, jozi kwa jozi, vikikimbilia gari linalofuata, vikisimama, vikikimbilia jingine.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nilimngoja konda mmoja mpaka saa tatu, gari lake likiwa linaoshwa, nikamnunulia chai na chapati mbili, nikamuuliza kwa nini. Akaniambia bila kificho. Nauli ya mtu mzima kwenye njia fupi ilikuwa shilingi 400, ya mwanafunzi 200. Hesabu ya tajiri ni ile ile jioni, haiulizi umebeba nani. "Nikijaza madenti kumi nimeacha buku mbili hapo hapo. Kabla jua halijachomoza napiga tripu tatu. Hizo buku sita anilipie nani?" Kisha akanyamaza, akakunja chapati. "Denti simchukii dada. Hata mimi nina mdogo wangu yuko Form Two. Anatembea."

Hapo ndipo nilipopata habari. Ile tuliyoifuata na gari la kukodi ilikuwa lawama, na lawama kila mtu anayo nyumbani kwake. Habari ilikuwa kwenye ile shilingi 200 inayopungua: imepangwa kwa nia njema, na wanaoibeba ni watu wawili wasio na kitu, konda na mtoto.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nenda bila kamera. Nenda siku moja kabla, tena nenda saa ile ile jambo linapotokea. Ukitaka habari ya soko, nenda saa soko linapopokea mzigo. Nenda na daftari, kaa, hesabu. Kamera ikishafika watu wanabadilika na wewe mwenyewe unabadilika, unaanza kutafuta picha badala ya kutafuta jambo.

Ushauri wa pili ni barua. Tulihitaji kauli ya mdhibiti wa nauli, ambaye wakati ule alikuwa SUMATRA (LATRA ilikuja 2019), na huwezi kwenda ofisi ya serikali na maiki mkononi kama unakwenda kwa mjomba. Unatakiwa barua ya utambulisho ya chuo. Tuliiomba siku ya tano tukidhani ni muhuri tu. Barua ilitoka siku ya kumi na moja. Karani alikuwa na msiba, mwenye muhuri alikuwa safari, printa haikuwa na wino. Najua visingizio vyote maana nilikuwa nakaa kwenye lile benchi kila asubuhi. Tuliambulia jedwali la nauli tu, mtu wa kuzungumza kwenye kamera hatukumpata. Barua iombwe siku ya kwanza. Kabla ya kugawana majukumu, kabla ya koti, barua. Hata kama hamjui mtaandika habari gani, ombeni barua isiyofunga mada.

Na watoto. Hili lilitaka kutuua. Siku tuliyorudi na kamera alfajiri, mpiga picha wetu aliwahoji wanafunzi watatu, sura zinaonekana, nembo ya shule kifuani inasomeka. Walisema maneno mazito. Jioni mwalimu akatuuliza: mzazi gani ameruhusu? Kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na hao walikuwa na miaka 13, 14. Mtoto anayelalamika kwenye kamera kesho yake anapanda daladala zile zile. Tukayafuta mahojiano yote matatu. Tukabaki na viatu: mpiga picha alikuwa ameinamisha kamera kwa bahati mbaya akibadilisha betri, akapata sekunde 20 za miguu inayokimbia. Ndizo zikawa picha bora kuliko zote tulizopiga. Lakini usipange bahati. Uliza mapema nani ana haki ya kuruhusu, umtafute huyo kwanza.

Kuhariri nakuruka, kulala studio na kula mihogo mnakujua.

Sasa nifike panaponiuma. Taarifa yetu ilipangwa dakika 12. Hakuna aliyekuwa amepima skripti kwa saa. Tulikuwa na kitabu cha Kiingereza kinachosema msomaji husoma maneno 180 kwa dakika, tukagawa kwa hesabu hiyo. Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Wanaowasafirisha" ni neno moja, lakini hebu litamke. Nilipojipima baadaye kwa saa ya simu nilipata maneno 110, 115 nikikimbia. Kwa hiyo siku ya mwisho tukakuta taarifa inagonga dakika 14 na sekunde 20, na ukumbi umejaa wageni.

Kukata ilikuwa lazima. Na siku hiyo hiyo likaja agizo kwamba habari ya kwanza iwe wageni wa chuo waliokuja kukabidhi viti. Viti! Habari yetu ikashuka mpaka ya nne, na kutoka dakika mbili na nusu ikabaki dakika moja na sekunde kumi. Mhariri wa picha alikuwa na haraka, akakata kipande kirefu kuliko vyote, na kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa sauti ya konda. Sikuwepo chumbani. Nilikuwa ukumbini napanga viti, vile vile vya wageni.

Kwa hiyo iliyotoka ni ile ile tuliyoianza nayo: watoto wanateseka, makonda wabaya. Watu walipiga makofi. Koti la bluu lilisoma vizuri, sina neno.

Siku mbili baadaye, taarifa ikiwa imewekwa YouTube, simu yangu iliita. "Dada, nimeangalia na wenzangu hapa stendi. Mbona mimi sipo?"

Nilimwambia mambo ya muda. Akasema "Sawa dada," akakata. Ile "sawa" yake ndiyo iliyonifanya prodyuza. Leo mimi ndiye ninayekaa na mpangilio wa habari kila siku, saa mkononi, na hakuna skripti inayopita mezani kwangu bila kusomwa kwa sauti na kupimwa. Wasomaji wenye r safi na l safi wananiuliza mimi "dada, hapa nina sekunde ngapi?" Na yule wa koti la bluu anauza bima, anafanya vizuri tu. Sisemi kwa ubaya.

Nasema kwa sababu ninyi wanafunzi mnadharau kazi hii. Mnadhani utafiti ni wa asiye na sura. Mnapigania kiti cha msomaji kana kwamba habari inazaliwa pale mezani. Hamwendi mahali, hamwombi barua, hampimi muda, halafu mnalalamika vifaa vya chuo ni vibovu. Sisi kamera yetu ilikuwa mbovu na viatu vilionekana. Nenda mahali mapema, omba barua mapema, pima muda mapema. Najua najirudia. Nitajirudia tena nikikutana nanyi.

Haya, nirudi kwako wa Mwanza. Umenitumia orodha ya habari zenu tano: Ziwa Victoria, vijana na ajira, mazingira, michezo, na daraja la Kigongo–Busisi. Mdogo wangu, Ziwa Victoria si habari, ni ziwa. Vijana na ajira ni kongamano. Mazingira sijui ni nini. Michezo iacheni, dakika mbili zitawatosha. Kwa dakika 15 tenga moja ya vichwa vya habari na salamu, nane za habari nne zenye picha, mbili na nusu za habari fupi za kusoma tu, mbili za michezo, na iliyobaki iacheni tupu, itajazwa na makosa yenu.

Hilo daraja ndilo lenye kitu, lakini si urefu wake wala uzinduzi wake wa Juni 2025. Hayo yameshasemwa na kila kituo. Magari yalikuwa yakipanga foleni kungoja kivuko, na penye foleni pana mtu anauza. Mahindi, maji, samaki wa kukaanga. Sasa magari yanapita juu. Waliokuwa wakiuza chini wako wapi? Sijui, na wewe hujui, ndiyo maana inafaa.

Panda gari uende Kigongo Jumamosi. Kamera iache bwenini. Beba daftari, na hela ya kununua samaki wawili, ukae ule pale pale ulipowanunua.