Injini moja ya ndege, mafundi wa nchi mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Ujiji, Kigoma. Huku tumezoea ndege za pangaboi, lakini juzi nilikuwa Dar nikaiona Boeing 737 kwa karibu. Nimesoma kwamba injini yake, CFM56, ni ya Wamarekani na Wafaransa kwa pamoja. Watu walio mbali hivyo wanaundaje kitu kimoja? Na mbona imebapa chini?

JIBU: Marahaba. Ukiifungua CFM56 utakuta shafti mbili, moja imepita ndani ya nyingine kama mrija ndani ya bomba. Ile ndefu ya ndani imeshika feni ya mbele, kompresa (kibana hewa) ndogo iliyo nyuma yake, na turbini (gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto) ya mwisho kabisa. Ile fupi ya nje imeshika kompresa kubwa na turbini yake, na kati ya kompresa hiyo na turbini hiyo ndipo mafuta yanapowaka. Hazikuungwa kwa gia. Kila moja inazunguka kwa kasi yake. Kinachoziunganisha ni hewa tu.

Hapo ndipo kazi ilipogawanyika. General Electric ya Marekani ikachukua kiini chenye moto, yaani ile shafti fupi na vyote ilivyoshika, Snecma ya Ufaransa (leo Safran) ikachukua feni, turbini ya nyuma na gia boksi (ya kuendesha vifaa vya pembeni, si ya kuunga shafti). Ubia wao, CFM International, ulianzishwa 1974, nusu kwa nusu.

Haikuwa rahisi. Kiini kilitokana na F101, injini ya ndege ya kivita B-1, na serikali ya Marekani iligoma kutoa siri zake. Mpaka marais Nixon wa Marekani na Pompidou wa Ufaransa wakalizungumza walipokutana Reykjavik, Iceland, 1973. Ruhusa ikatoka kwa sharti: kiini kiundwe Marekani, kifike Ufaransa kimekamilika, Wafaransa wakipachike bila kukichokonoa.

Mimi napenda zaidi hesabu yao. Wanagawana mauzo, si faida. Kila mmoja anabeba gharama za sehemu yake. Jamaa wawili wa Kibirizi, mmoja ana mtumbwi na mwenzake ana mashine, wakigawana dagaa kwa mtindo huo hawatagombana juu ya nani alinunua mbao ghali. Hata hivyo, hadi mwanzoni mwa 1979 hakuna shirika la ndege lililokuwa limeinunua. Ndege kuukuu za DC-8 zilizobadilishwa injini ndizo zilizoiokoa.

Kuhusu kubapa: 737 ilibuniwa miaka ya 1960 kwa injini nyembamba, kwa hiyo miguu yake ni mifupi. Kwa 737-300, iliyoanza kazi 1984, kipenyo cha feni kilipunguzwa hadi inchi 60, na bado nafasi haikutosha. Wakaisogeza injini mbele ya bawa, vifaa vya chini ya tumbo la injini wakavihamishia ubavuni mwake. Kilichobapa ni kasha, yaani ganda la nje linalofunika injini. Feni yenyewe ni duara kamili.

Ila huenda uliona 737 MAX, inayotumia injini mpya zaidi, LEAP, ya ubia uleule. Ukirudi Dar tazama ukingo wa nyuma wa kasha: wenye meno kama msumeno ni LEAP, ulionyooka ni CFM56.