Kura 7 kati ya 100 na hakuna kiti: namna viti vya bunge vinavyogawanywa katika michezo ya siasa ya mtandaoni

Ndugu mleta uzi, umeuliza kutoka Urambo iwapo chama chenu kimeibiwa, kwa kuwa katika uchaguzi wa bunge la mchezo wenu mmepata kura 7 kati ya 100 zilizopigwa, bunge lina viti 10, na hamkuambulia hata kimoja. Matokeo uliyobandika yanaonyesha chama cha kwanza kimepata kura 47, cha pili 29, cha tatu 17, nanyi 7, na viti vimekwenda 5, 3 na 2. Mimi naishi Ujiji, nimecheza eRepublik, mchezo wa mtandaoni wa siasa na vita, kwa miaka kadhaa, na hivi sasa ndimi ninayetunza daftari la wapiga kura na kujumlisha matokeo katika mchezo mdogo wa bunge tunaoucheza na wenzetu wa Kigoma na Tabora. Kwa hesabu ulizoleta, sioni wizi. Ninaona kanuni ya D'Hondt ikifanya kazi yake, na hiyo kanuni ina tabia ya kuvibeba vyama vikubwa.

Hesabu yenyewe hufanyika hivi. Kura za kila chama hugawanywa kwa 1, kisha kwa 2, kwa 3, na kuendelea, halafu viti hutolewa kwa namba kubwa zaidi zinazopatikana hadi vyote viishe. Chama cha kwanza kinatoa 47, 23.5, 15.67, 11.75 na 9.4; cha pili kinatoa 29, 14.5 na 9.67; cha tatu kinatoa 17 na 8.5, ninyi mnatoa 7. Ukizipanga kuanzia kubwa kwenda ndogo, namba ya kumi ni 8.5 ya chama cha tatu, na 7 yenu inabaki nje ya mstari. Mngepata kura 2 zaidi, yaani 9, mngeingia bungeni, na hilo lingekuwa kweli hata kama kura hizo mngezinyang'anya chama chochote kati ya vile vitatu. Nimejaribu njia zote tatu kwenye karatasi.

Sasa chukua kura zilezile, uzigawanye kwa 1, 3, 5, 7 na 9 badala ya 1, 2, 3, 4 na 5. Hiyo ndiyo kanuni ya Sainte-Laguë, ambayo New Zealand wanaitumia kugawa viti vyao, ilhali Uholanzi wanatumia D'Hondt kwa bunge lao la viti 150. Kwa kanuni hiyo, chama cha kwanza kingepata viti 4, cha pili 3, cha tatu 2, nanyi 1. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyebadili mawazo, lakini kiti kimoja kimehama, na kiti hicho si kidogo kama kinavyoonekana. Chama chenye viti 5 kati ya 10 hakiwezi kupitisha muswada peke yake pale ambapo kanuni inataka wingi wa kura, lakini kinaweza kuzuia kila muswada wa wenzake, kwa sababu 5 dhidi ya 5 haipiti. Chenye viti 4 hakina nguvu hiyo. Kinalazimika kubisha hodi kwa mwingine. Kwa hiyo unapomwuliza msimamizi wenu, usimwulize nani amehesabu kura, mwulize amegawanya kwa namba zipi.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ni kuachana na mahesabu haya na kuchagua wabunge kwa majimbo, kila jimbo mtu mmoja, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, kama tunavyochagua wabunge wa majimbo hapa Tanzania. Mimi siwaungi mkono kwa mchezo wenye wapiga kura 100, na sababu yangu ni hii. Tuseme mna majimbo 10 yenye wapiga kura 10 kila moja, na tuyape majina ya wilaya zetu: Kasulu, Kibondo, Uvinza, Nzega, Sikonge na mengineyo. Chama chenye kura 47 kikipata kura 5 katika majimbo 9 na 2 katika la kumi, na zile kura nyingine 5 za kila jimbo zikagawanyika baina ya vyama vitatu, kinatwaa viti 9 kati ya 10 huku kikiwa hakijafikisha hata nusu ya kura zote. Kinyume chake, hizo kura zenu 7 zikiwa zote Kakonko, mna mbunge. Katika utaratibu huo anayeshinda ni yule ambaye watu wake wamekaa mahali panapofaa, na katika mchezo wa mtandaoni watu hukaa popote wanapotaka kwa kubonyeza kitufe. Kipindi ambacho kongresi, yaani bunge, ya eRepublik ilichaguliwa mkoa kwa mkoa, vyama vyenye mpangilio vilikuwa na wapiga kura wa kuhamahama: wanasafirishwa siku ya uchaguzi kwenda mkoa ambao mgombea wao anakaribiana na mpinzani, wanapiga kura, kisha wanarudi walikotoka.

Nimeitaja eRepublik, basi niseme kidogo kwa ajili ya wasioifahamu. Mchezaji huwa raia wa nchi yenye jina la nchi halisi, anafanya kazi, anapigana vita, anajiunga na chama. Kila mwezi kuna chaguzi tatu: tarehe 5 ya rais, tarehe 15 ya viongozi wa vyama, na tarehe 25 ya kongresi. Saa ya mchezo ni ya pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo siku ya uchaguzi kwetu huanza saa nne asubuhi, au saa tano wenzetu wa huko wanaporudisha saa zao nyuma, na huendelea hadi muda kama huo kesho yake. Nina mwenzangu mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, ambaye asubuhi hashiki simu kwa kuwa ndiyo saa ya mitumbwi kurudi; huyo hupiga kura usiku wa tarehe 25 akiwa ametulia, na kura yake inahesabiwa sawasawa.

Lakini kinachoamua uchaguzi wa bunge kuliko kanuni ya viti, kwa maoni yangu, ni mlango wa uraia. Katika eRepublik wanakongresi ndio wanaopitisha kodi na mikataba na kuweza kumwondoa rais, na ndio pia wanaokubali au kukataa maombi ya uraia. Tafakari maana yake: bunge la leo linachagua nani atalichagua bunge la kesho. Kundi la wageni lenye nidhamu likiingizwa polepole katika nchi yenye wachezaji wachache, linaweza kushinda viti kihalali na kuikausha hazina bila kufyatua risasi. Katika mchezo wetu mdogo tatizo ni akaunti hewa. Wiki moja kabla ya uchaguzi fulani ziliingia akaunti kadhaa jioni moja, majina yakitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, zote zikimsalimia mgombea mmoja kwa sentensi ileile, hata kosa la herufi likiwa lilelile. Tangu hapo daftari hufungwa siku 14 kabla ya kura, na asiyewahi kuchangia mjadala wowote haandikishwi. Kanuni hiyo ina ubaya wake, kwa sababu inawafungia nje wageni wa kweli ambao ni wakimya, na bado tunabishana juu yake kila muhula.

Kuhusu ninyi sasa. Umesema mnafikiria kuungana na chama cha tatu kwa kuwa mnaelewana. Msifanye hivyo bila kupiga hesabu. Orodha ya pamoja ya kura 24 inatoa 24, 12 na 8. Namba ya kumi inakuwa 9.4 ya chama cha kwanza, kwa hiyo muungano unabaki na viti 2 vilevile ambavyo chama cha tatu kilikuwa navyo peke yake, na hapo hakuna kitakachowaangukia ninyi. Mkiungana na chama cha pili, orodha ya kura 36 inatoa 36, 18, 12 na 9, na ile 9 inaipiku 8.5 ya chama cha tatu, hivyo muungano unapata viti 4 na chama cha tatu kinabaki na 1. Hicho kiti cha nne ndicho mtaji wenu wa mazungumzo. Dai kwamba mtu wenu aandikwe katika nafasi nne za juu za orodha, na mpangilio huo ukabidhiwe kwa msimamizi kabla daftari halijafungwa, kwa sababu baada ya kura kupigwa chama cha pili hakitakuwa na haja nanyi tena.