Achana na jua la asubuhi, mpeleke mtoto hospitali leo

Weka simu chini kwanza ukamtazame mtoto, kisha urudi kusoma. Umeuliza mambo manne, yaani namna ya kugawana zamu za usiku na mkeo, aina ya beseni la kumwogeshea mtoto, lini mfuatilie cheti cha kuzaliwa, na kama likizo yako ya siku 3 inaweza kuongezwa. Katikati ya maswali hayo umepitisha sentensi moja kama mtu anayetaja kwamba jana mvua ilinyesha: mtoto ana siku 4, macho yamekuwa ya njano kidogo, na mama mkwe ameshauri mumwanike juani kila asubuhi mpaka rangi iishe. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Hayo mengine yangeweza kusubiri hata mwezi.

Mimi wangu nilimwanika siku 3. Kila ilipofika saa moja na nusu asubuhi nilitandika mkeka barazani, nikaweka khanga mbili juu yake, nikamlaza akiwa na nepi tu, kisha nikakaa pembeni na kikombe cha chai ya tangawizi kama mtu anayelinda ufuta usiliwe na kuku. Nilijiona baba wa mfano. Nilimpiga hata picha, nikazituma kwenye kundi la familia, na shangazi zangu wakanimiminia dua na pongezi. Leo nikizipanga picha hizo naona kile ambacho watu kumi na tisa wa kundi lile hatukukiona: katika ya kwanza uso ndio wa njano, katika ya pili rangi imeshuka kifuani na tumboni, na katika ya tatu imefika kwenye nyayo. Manjano ya mtoto mchanga huanzia usoni na kuteremka kadiri yanavyozidi, kwa hiyo nilikuwa nakusanya ushahidi wa uzembe wangu mwenyewe, tena kwa simu niliyoinunua kwa sababu ya kamera yake nzuri.

Shangazi aliyenishauri jua simlaumu sana, kwa kuwa alisema alichorithi. Hasira yangu iko kwa yule bwana wa duka la dawa la mtaani kwetu, ambaye wote tunamwita daktari kwa sababu tu anavaa koti jeupe na kuandika kwa mwandiko usiosomeka. Hakumfunua mtoto wala hakuuliza ana siku ngapi. Aliniuzia glukosi ya unga na chupa, akaniambia nimpe vijiko vichache kila baada ya kunyonya ili "kusafisha ini", akapokea elfu nane yangu na kunitakia malezi mema. Nilielewa baadaye wodini kwamba ushauri huo ulikuwa kinyume kabisa cha kilichotakiwa: ile rangi ya njano, ambayo madaktari huiita bilirubini, hutoka mwilini hasa kwa choo, na mtoto hupata choo kwa kunyonya maziwa ya mama, sasa ukimjaza maji tumboni ananyonya kidogo, anapata choo kidogo, na rangi inabaki humo humo. Nililipa pesa taslimu kuzidisha ugonjwa wa mwanangu.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba waliniambia nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata manjano katika wiki ya kwanza na wengi wao hupona bila tiba, na ndiyo maana kila jirani ana mfano wa mtoto aliyeanikwa akapona, kumbe angepona hata angewekwa kabatini. Hata hilo jua lina chimbuko lake. Katika usiku wa kukesha hospitali nilisoma kwamba miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyekuwa akiwatoa wachanga bustanini aligundua kwamba ngozi iliyopata jua ilipungua unjano, na mwaka 1958 madaktari wa hapo wakatangaza tiba ya taa. Angalia basi: wao wenyewe walioona faida ya jua hawakuishia kwenye jua, bali walitengeneza taa, kwa sababu mwanga wa taa unapimika, nao ule wa barazani kwangu haukuwa na kipimo chochote isipokuwa kikombe changu cha chai.

Usiku wa kuamkia siku ya 7 mtoto alilala moja kwa moja. Nilimwambia mke wangu kwamba tumebahatika, mtoto mtulivu, tusimsumbue. Alfajiri alilia kilio chembamba na kikali ambacho hakikufanana na cha siku zote, akapinda mgongo kwenda nyuma, na alipopewa titi hakulikamata. Tulipanda bajaji. Muuguzi aliyetupokea alimbonyeza unyayo kwa kidole gumba, akakiondoa, akatazama kwa muda kama wa pumzi moja, kisha akamchukua mtoto mikononi mwangu na kuondoka naye bila hata kuuliza kadi.

Daktari aliuliza kadi. Ukurasa wa mbele palikuwa pameandikwa kundi la damu la mama, O, na pameandikwa hivyo tangu hudhurio la kwanza. Mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nikijisifu kijiweni kwamba nimeoa mwenye damu ya kumgawia kila mtu. Mtoto alikuwa A kama mimi. Mama wa kundi O akizaa mtoto wa A au B, kinga za mama zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto, na manjano ya namna hiyo huweza kupanda kwa kasi. Akaniuliza pia kama nguo za mtoto zilitunzwa na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia mende na nondo, maana navyo huwaletea baadhi ya watoto maafa yale yale. Zilitunzwa navyo, zilikuwa nguo za kurithi kwa dada yangu. Halafu akauliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo: "Baba, mlikuwa mnasubiri nini?"

Alibadilishiwa damu siku hiyo hiyo kupitia kitovuni, inatolewa kidogo kwa sindano, inaingizwa kidogo, kwa saa kadhaa, kisha akakaa siku 5 chini ya taa za buluu, amefungwa kitambaa machoni.

Kwa hiyo sikiliza. Mtoto mchanga akiwa na rangi ya njano, apimwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, na kama mhudumu hajaridhika kwa macho, ampime damu. Rangi ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akiwa mzito kuamka na kunyonya, hiyo ni dharura hata iwe saa nane usiku. Mtazame kwenye mwanga wa mchana, kwenye weupe wa macho na kwenye fizi, kwa maana ngozi yetu huficha. Mbonyeze puani au unyayoni uone rangi inayobaki. Mwamsheni anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, bila maji wala glukosi. Ule utulivu wa usiku usikufurahishe. Mama mkwe usibishane naye: mwombe ambebe mjukuu wake mwende pamoja, ayasikie ya daktari kwa masikio yake.

Kuhusu likizo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 zisizopungua, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo ukitaka zaidi omba sehemu ya likizo yako ya mwaka. Beseni lolote linafaa.

Wangu ana miezi 5 sasa. Anacheka, ananyonya kwa pupa, anamvuta mama yake nywele. Wiki iliyopita mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni nyuma yake. Paka aliruka, mimi niliruka, yeye akaendelea kunyonya kidole. Manjano yakizidi huweza kuharibu njia za kusikia. Tumepangiwa kipimo cha masikio Jumanne. Ukitoka hospitali niandikie walichokwambia, hata kama ni usiku.