UTI sugu kwa aliyepandikizwa figo: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama kaka yako aliyepandikizwa figo akubali kulazwa achomwe sindano, au mumtafutie vidonge mtaani vya kumaliza hiyo UTI inayojirudia. Mimi naishi Dodoma na figo ya mdogo wangu wa kike, na hiyo njia ya vidonge nimeshaipita. Akalazwe.

Miezi mitano baada ya upasuaji nilishikwa na homa, mkojo unachoma. Kliniki yangu ni Benjamin Mkapa, hospitali iliyoanza kupandikiza figo 2018, lakini duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu pale Nkuhungu. Nikanunua siprofloksasini, vidonge vya kuua bakteria, bila kupima chochote. Siku mbili nikaona nafuu. Ya tatu nikawa natetemeka chini ya mablanketi mawili, mchana wa Oktoba, na joto la Dodoma mwezi huo mnalijua.

Walipootesha mkojo maabara kuona ni mdudu gani na dawa ipi inamuweza, majibu yalichukua siku tatu: bakteria E. koli, wale wanaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja dawa. Sipro, R. Seftriaksoni ya sindano, R. Septrini, R, na hiyo nilikuwa naimeza tangu upasuaji kama kinga ya nimonia. R maana yake mdudu kagoma, S maana yake dawa inamuweza. Gentamaisini ilisoma S nikafurahi, daktari akaikataa: inaumiza figo, na takrolimasi, dawa ya kushusha kinga ninayomeza, nayo ina tabia hiyohiyo. Ikabaki meropenemu, ambayo ni ya kwenye mshipa, kidonge hakuna. Ndiyo maana ya kulazwa, mkuu, si tamaa ya hospitali.

Jambo jingine: sisi tunashushwa kinga makusudi ili mwili usiikatae figo. Kwa hiyo kaka yako anaweza kuwa na homa kidogo tu huku ndani kunaungua.

Nilidhani nimejifunza. Miezi baadaye nikapata kikohozi, muuzaji dukani akanipa klarithromaisini. Dawa nzuri, ila inazuia ini kuiondoa takrolimasi, ikarundikana kwenye damu. Mikono ikaanza kutetemeka hadi chai inamwagika, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, ikapanda. Flukonazoli ya fangasi inafanya vivyo hivyo. Rifampisini ya TB ni kinyume chake: inaishusha takrolimasi, na figo inaweza kukataliwa. Kwa hiyo dawa yoyote mpya, hata ya siku tatu, ipite kwanza kwa daktari wake wa figo.

Na msishtuke siku akiambiwa mkojo umeota bakteria halafu asipewe dawa. Mimi niligomba kabisa kliniki. Sikuwa na homa wala maumivu, na nilishavuka ile miezi miwili ya mwanzo baada ya upasuaji. Daktari akasema kumtibu mdudu asiyekusumbua ni kumfundisha usugu. Nikarudi nyumbani nimenuna. Sikuugua.

Mwisho, karatasi ya majibu ya kuotesha ipigeni picha, ikae kwenye simu yake na yako. Mwaka jana homa ilinikutia msibani Kondoa, usiku. Tabibu wa zamu alishachanganya seftriaksoni kwenye bomba. Nikamwonyesha picha, akaisoma mara mbili, akaliweka bomba pembeni na kuanza kupiga simu Dodoma.